Picha za mtaa wetu zikishatundikwa ukutani, zinarudi kwa nani?

Nuru ya Jogoo Road (mwanzisha uzi)

Habari zenu wote.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye maonyesho ya picha hapa mjini. Ukumbi sitautaja kwa sababu ninalolisema si lao peke yao. Niliingia, nikazunguka ukuta wa kwanza, nikakata kona, na hapo nikakutana uso kwa uso na mtu ninayemfahamu. Ni mzee wa mkokoteni wa pale soko la Muthurwa. Picha yake inakaribia mita moja, nyeusi na nyeupe, imechapwa vizuri mno, kila mshipa wa shingo unaonekana. Ameinamia mbele, mikono imekaza mbao za mkokoteni. Kidole gumba cha kushoto hakina ukucha. Alinisimulia mwenyewe ulivyotoka: kreti la nyanya lilimbana kwenye lango la soko la Marikiti.

Chini ya picha pana kikaratasi kimeandikwa "Mchukuzi, Nairobi". Kisha jina la mpigapicha, kisha bei.

Nikatoka nje nikampigia simu. Nikamwambia, "Mzee, uko ukutani huku, watu wanakutazama." Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Nimevaa viatu gani?"

Sikuwa nimeangalia. Nikarudi ndani. Picha ilikuwa imekatwa magotini. Nikampigia tena, nikamwambia viatu havionekani. Akasema, "Basi siwezi kujua ilikuwa siku gani." Nikamwomba aje aone, kiingilio hakuna. Akaniuliza kama mlinzi wa pale atamruhusu na nguo za kazi. Niliposema ndiyo, nilisikia sauti yangu mwenyewe haina uhakika.

Tangu siku hiyo sijatulia, ndiyo maana naandika.

Mimi napiga picha za mji huu, huu ni mwaka wa tisa. Harusi ndizo zinazolipa kodi ya nyumba, lakini kazi ninayoamkia ni barabara. Hutoka Jericho kabla hakujapambazuka, nashuka Jogoo Road hadi Muthurwa, kisha Haile Selassie, kisha napanda Tom Mboya. Wanaopiga picha watanielewa: Nairobi iko nyuzi moja na kitu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu halichomozi kwa kujivuta, linapanda wima kama mtu anayepanda ngazi. Ule mwanga laini wa asubuhi hupita upesi sana. Ukikaa kungoja chai, umekwisha. Ikifika saa tano, jua liko utosini, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi na kofia zinameza nyuso. Basi kuanzia saa hiyo hadi saa tisa naiweka kamera begini na kwenda kutazama kazi za wenzangu. Ndivyo nilivyoanza kuzuru maonyesho, jua lilinitoa barabarani. Julai, wingu linapofunika mji kutwa nzima, huwa siendi popote, maana mwanga wa wingu unakubali kazi tangu asubuhi hadi jioni.

Mara nyingi naanzia Alliance Française, Loita Street, kwa sababu ni mwendo wa miguu kutoka Tom Mboya na hakuna anayekuuliza umekuja kununua nini. Nikiwa na nauli ya ziada nafika Kuona, karakana za wasanii za Likoni Close kule Kilimani, ambako unamkuta msanii mwenyewe mikono imejaa rangi na unaweza kumuuliza swali. Rosslyn ni mbali, magari mawili, lakini ile taasisi ya sanaa ya kisasa aliyoianzisha mchoraji Michael Armitage mwaka wa 2020 imenifunza kitu kimoja kikubwa: kukaa. Pale nimewahi kukaa mbele ya mchoro mmoja hadi miguu ikafa ganzi. Nilipotoka nilitembea taratibu zaidi hata barabarani.

Lakini mahali panaponirudia usiku ni Nairobi Gallery, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Jengo lile la mawe ni la 1913, na kwa miaka mingi lilikuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Watu walikwenda pale kuandikisha mtoto aliyezaliwa, ndoa iliyofungwa na maiti aliyezikwa. Leo ndani yake umo mkusanyo wa Joseph Murumbi, yule aliyekuwa makamu wa rais mwaka wa 1966, akaacha siasa akaendelea na mapenzi yake ya sanaa. Kila nikisimama chini ya kuba lile nawaza makarani waliokaa hapo wakiuliza watu jina, jina la baba, na tarehe, kisha wakiandika kwa wino. Jengo zima lilikuwa la kuandika majina. Sisi tunaopiga picha za mji huu tumeshindwaje kuuliza jina moja?

Najua wako waliojaribu njia nyingine. Mwaka wa 2009 mpigapicha Boniface Mwangi na wenzake walizitoa picha za ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 wakazitembeza mijini, zikasimamishwa nje, mahali watu wanapopita. Maonyesho hayo waliyaita Picha Mtaani. Nilikuwa msichana wa shule. Namkumbuka mwanamume mmoja aliyesimama mbele ya picha moja, mfuko wa mkate mkononi, hakusogea hadi mimi nikaondoka. Hakuna mlinzi aliyemuuliza anaenda wapi. Na Mukuru, Lunga Lunga, kipo kikundi cha wasanii cha Wajukuu. Mwaka wa 2022 walikwenda Ujerumani kwenye documenta, maonyesho makubwa ya sanaa, wakatunukiwa tuzo ya Arnold Bode, na bado karakana yao iko pale pale kwenye mabati, watoto wanaingia wakitoka shule na mifuko mgongoni.

Kwa hiyo nauliza wapigapicha, na nauliza zaidi waliowahi kupigwa picha: picha ikishapanda ukutani, inarudi kwa nani? Na tufanye nini ili irudi?

---

Lenzi 35

Dada, nimekusoma hadi mwisho na moyo wako nauona. Lakini niseme upande wangu. Mimi napiga barabarani, naingia karibu, na nikianza kuomba ruhusa picha inakufa. Mtu anasimama wima kama anaapishwa, anafunga kifungo cha shati, anasema "ngoja nivae koti". Kile nilichokuwa nimekiona kimekwenda. Halafu hujataja walinzi wa majengo na kanjo, askari wa jiji, wanaokuzuia hata ukipiga picha ya kivuli chako. Nikitoa daftari niandike jina la kila mtu, saa ngapi nitafanya kazi?

Tena "Mchukuzi, Nairobi" si tusi. Picha ile huenda imekusudiwa kuwasimamia wachukuzi wote.

---

Nuru ya Jogoo Road

Ndugu yangu, mimi pia sianzi na ruhusa. Napiga kwanza. Kisha nasogea, naonyesha kioo cha nyuma cha kamera, nasema jina langu, nauliza lake. Akikataa, nafuta mbele yake akiona. Wanaokataa ni wachache kuliko unavyodhani. Nina kijidaftari cha karatasi za mistari kinachoingia mfukoni, naandika jina, mahali, kazi, namba ya simu kama anayo, na kitu kimoja alichokisema. Nikiosha picha, namwoshea na yeye moja, ya inchi 4 kwa 6, na nikipita tena namkabidhi. Shilingi 30. Chai na mandazi ni ghali kuliko hiyo.

Na huyo anayesema ngoja nivae koti, siku hizi namngoja avae. Napiga ya pili. Ya kwanza ni yangu, ya pili ni yake, na mara kadhaa ya pili ndiyo iliyotoka nzuri zaidi, kwa sababu sasa ananiangalia mimi, si kamera.

Kuhusu kuwasimamia wachukuzi wote: yule mzee hakuuliza kuhusu wachukuzi wote. Aliuliza kuhusu viatu vyake.

---

Chumba cha Giza

Mwanangu, umenigusa mahali.

Nilifungua macho ya kazi hii River Road mwaka wa 1979, studio ya ghorofa ya pili, ngazi nyembamba. Tulikuwa na pazia lililochorwa ndege na jingine lililochorwa jumba la KICC. Lile jumba lilifunguliwa 1973, na kwa miaka mingi baadaye kila aliyetoka nyumbani kuja kutafuta kazi alitaka picha ya kupeleka kijijini nalo likiwa nyuma yake. Wengine hawakuwa na muda wa kufika pale wenyewe, basi wanasimama mbele ya pazia letu, mkono kiunoni, redio ya studio begani.

Usiku tunaosha. Taa nyekundu, sinia tatu, dawa, maji, dawa tena. Karatasi nyeupe inaelea, unaitikisa sinia polepole, na sura inaanza kuja. Nywele na macho hutangulia, maana ndiko kuliko na weusi. Uso hufuata. Nimeona nyuso zikija namna hiyo maelfu ya mara na sikuwahi kuzoea.

Sasa sikiliza. Kila picha iliingia kwenye bahasha ya kaki, na juu ya bahasha tuliandika jina, tarehe ya kuchukua, amana aliyoacha na salio. Hapakuwa na picha isiyo na mwenyewe. Hatukuwa watu wema kuliko ninyi, ila bila jina hulipwi. Ninazo mpaka leo boksi tatu za bahasha ambazo wenyewe hawakurudi. Wengine walihama, wengine huenda walikosa salio, wengine Mungu anajua. Mke wangu amenisihi nizitupe mara nyingi na nimekataa. Siwezi kumtupa mtu ambaye jina lake nimeliandika mwenyewe.

Tunamtaja sana Mohamed Amin, na ni haki tumtaje. Mtoto wa Eastleigh, aliyezaliwa 1943. Filamu aliyopiga Ethiopia mwaka wa 1984 iliamsha dunia nzima kuhusu njaa ile. Akapoteza mkono Addis Ababa mwaka wa 1991, akarudi kazini na mkono wa bandia, hadi ndege aliyoipanda ilipotekwa ikaanguka baharini huko Komoro, Novemba 1996. Namvulia kofia. Lakini wale waliokuwa wameketi chini kwenye baridi ya Korem, huko Ethiopia, asubuhi ile, sisi tunayajua majina ya wangapi?

---

Mtundika Fremu

Shikamoo mzee. Mimi kazi yangu ni kutundika. Nimefanya kumbi kadhaa hapa Nairobi, nikiajiriwa kwa siku. Napima ukuta, natoboa, naweka picha ili katikati yake iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu mzima, kisha nageuza taa hadi kioo kiache kung'aa.

Nitaeleza kile kikaratasi kinavyozaliwa, maana wengi mnadhani ukumbi ndio unaoamua. Mpigapicha anatuma mafaili. Nusu yake yana namba tu jinsi zilivyotoka kwenye kamera. Msimamizi anamwandikia, "Tafadhali tuma maelezo ya kila picha." Kimya. Siku mbili kabla ya ufunguzi anapiga simu, na mpigapicha yuko kwenye matatu, anaitaja kwa kumbukumbu: hii ni Gikomba, hii andika mchukuzi, hii andika mama mboga. Mimi ndiye ninayekwenda kuchapisha vikaratasi usiku huo. Kwa hiyo "Mchukuzi, Nairobi" mara nyingi ni neno lililotoka kwenye kiti cha matatu.

Dawa yake si ngumu. Faili la picha lina sehemu ya maelezo ndani yake. Ukifika nyumbani, kabla hujalala, andika humo nani, wapi, lini. Maelezo hayo yatasafiri na picha popote itakapokwenda, hata ukiwa umekufa.

Na kuhusu mlinzi, dada amesema kweli. Kumbi nyingi hufunga saa kumi na moja jioni, wakati mtu wa Muthurwa bado ana mzigo mgongoni. Jioni ya ufunguzi ndiyo pekee inayochelewa, na siku hiyo ni ya kadi za mwaliko.

---

Daftari la Sheria

Niongeze ya kisheria, kwa sababu yamechanganyika.

Hakimiliki ya picha ni ya mpigapicha. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inamtambua kama mtunzi yule aliyehusika na mpangilio wa picha yenyewe. Haki hiyo inadumu miaka 50 kutoka mwisho wa mwaka picha ilipopigwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa mara ya kwanza, ile tarehe ya baadaye zaidi. Lakini picha ikiagizwa na mtu, haki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mliandikiana vinginevyo. Kwa hiyo Mzee wa chumba cha giza hakukosea: aliyelipa ndiye mwenyewe. Na ninyi wa harusi kisomeni kifungu hiki vizuri kabla ya kuweka picha za bibi harusi kwenye maonyesho yenu.

Uso ni jambo jingine. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi, na Kamishna wa Data amekwisha kuamuru watu walipwe fidia kwa picha zao kutumika kwenye matangazo bila idhini. Mtoto anahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Sheria hiyo hiyo inatoa nafasi kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa, pale ambapo kuchapisha kuna manufaa kwa umma. Kwa hiyo maonyesho yana kinga kiasi. Lakini siku picha ile ile inapotoka ukutani na kuwa bango la kuuza unga au bima, kinga imebaki ukutani.

Ruhusa ya maneno inatosha barabarani. Kwa picha utakayoiuza, tafuta saini, hata kwenye karatasi ya daftari.

---

Mkesha wa Juni

Naomba nipingane kidogo na wote.

Jina si zawadi kila siku. Nilikuwa mjini tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia bungeni kwa sababu ya Mswada wa Fedha. Nilipiga picha nyingi sana. Nyuso zinaonekana wazi, vijana wadogo, mmoja amejifunga bendera kiunoni na ana chupa ya maji kwa ajili ya macho yanayowasha. Wiki zilizofuata tukaanza kusikia habari za vijana kutekwa nyara. Nilikaa usiku mmoja mzima na tarakilishi nikifuta majina niliyokuwa nimeyaandika kwenye maelezo ya picha. Picha nilizoonyesha baadaye nilichagua migongo, mikono, viatu.

Mchuuzi anayekimbia kanjo, msichana aliyetoroka nyumbani, mtu asiye na vitambulisho. Hao ukiwaandika majina ukutani umewaandikia barua ya kukamatwa. Dada, daftari lako libaki mfukoni, lakini si kila lililomo liende ukutani.

---

Nuru ya Jogoo Road

Umenifundisha, na nakubali bila kubishana. Nilikuwa nimesimama upande mmoja. Nitaongeza swali moja kwenye daftari: "Jina lako niliandike, au nisiliandike?" Na jibu litakaa pale pale karibu na jina.

---

Leso ya Gikomba

Mimi sijui kupiga picha. Binti yangu ndiye aliyenionyesha uzi huu akasema mama, hawa wanaongea mambo yako.

Mimi nilipigwa. Ni ule moto wa Gikomba wa Juni 2018, uliochukua roho za watu. Nilifika asubuhi, bado kunafuka moshi, mahali pa kibanda changu pamebaki mabati yaliyopinda na marobota ya mitumba yamekuwa donge moja jeusi. Nikaketi juu ya jiwe. Sikumwona aliyenipiga picha. Niliiona picha miezi kadhaa baadaye, jirani alinionyesha kwenye simu, imewekwa na shirika fulani linaloomba michango. Nimeshika kichwa, mdomo wazi. Ndugu zangu wa nyumbani waliniita wakidhani nimeomba msaada kwa watu. Niliona haya kwa jambo ambalo sikulifanya.

Lakini nitawaambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Katika ile picha nimejifunga leso ya marehemu mama yangu, ya rangi ya machungwa, imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Leso ile ilichakaa ikaisha. Sina picha nyingine yoyote inayoionyesha. Nimejaribu kuikuza kwenye simu, inavunjika vunjika, maandishi hayasomeki. Aliyeipiga anayo ikiwa kubwa na safi. Mimi sitaki pesa yake. Nataka ile sehemu ya leso.

---

Chumba cha Giza

Mama, pole sana kwa yote. Kama mchapishaji wa kwanza wa picha anajulikana, anaweza kuandikiwa. Daftari la Sheria, msaidie mama kutunga barua. Na picha ikipatikana, mimi nitaichapa. Sijasahau kazi.

---

Daftari la Sheria

Nimemwandikia mama pembeni. Ana haki ya kuomba nakala ya data yake na haki ya kuomba iondolewe. Tutaomba ya kwanza kabla ya ya pili.

---

Nuru ya Jogoo Road

Nimerudi, siku tisa baada ya kuanzisha uzi.

Niliacha barua kwa mhudumu wa mapokezi wa ule ukumbi, impate mpigapicha wa ile picha. Barua ilikuwa fupi: nilimwambia namjua mzee huyo, na mzee ameuliza kuhusu viatu. Siku ya tatu akanitumia faili zima, kabla halijakatwa. Aliandika kwamba alipiga kutoka ng'ambo ya barabara na lenzi ndefu na hakuvuka, na kwamba anaomba radhi kwa kutovuka. Sikumjibu kwa ukali. Mimi mwenyewe kuna barabara nyingi sikuvuka.

Nikaiosha picha nzima na kuipeleka Muthurwa Alhamisi, saa moja asubuhi, kabla mizigo haijapamba moto. Mzee alifuta mikono kwenye suruali, akaishika picha pembeni pembeni kwa ncha za vidole. Hakuangalia uso wake. Aliteremka moja kwa moja hadi chini. Viatu vilikuwa akala, zile ndala za tairi, na ya kulia imefungwa kwa waya wa shaba.

Akacheka, akamwita mwenzake. "Unaukumbuka waya huu?" Mwenzake akasema ndiyo, si ni ile siku lori lilitupa mzigo nje kwa sababu ya foleni. Wakaanza kusimuliana, mimi nimesimama katikati na daftari. Kumbe asubuhi hiyo alivuta kabichi kutoka Marikiti hadi soko la Burma, ukanda wa kiatu ukakatika Landhies Road, akaokota waya kwa fundi wa redio, akafunga, akaendelea. Kwenye ukumbi niliona mateso. Yeye anachokiona ni siku aliyoshinda.

Nikamuuliza, "Mzee, chini ya picha tuandike nini?" Nikamuuliza pia la Mkesha wa Juni, jina liwepo au lisiwepo. Akafikiri. Akasema jina tuliache, mjini ana madeni mawili. Kisha akasema, "Andika mzigo ulikuwa kabichi, na ulifika."

Ndivyo nilivyoandika. Nilimtumia mpigapicha maneno hayo na ameniambia kikaratasi kitabadilishwa. Nitakwenda kuangalia.

Jambo la pili. Nimeongea na kamati ya soko. Wametukubalia ukuta mmoja upande wa stendi ya matatu, Jumamosi ijayo, kuanzia asubuhi hadi jioni, mradi tusipigilie misumari na tusizibe njia ya mikokoteni. Nina picha 40 za watu wa Muthurwa, Marikiti na Gikomba, zilizokwisha kukubaliwa na wenyewe. Kila mmoja ataondoka na yake jioni.

---

Msomaji wa Kaloleni

Baada ya Muthurwa, fikirieni Maktaba ya Kaloleni. Shirika la Book Bunk liliikarabati pamoja na ile ya Makadara, ziko chini ya Maktaba ya McMillan pale Banda Street. McMillan ilipofunguliwa 1931 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia asome. Leo ukiingia hizi za mtaani unakuta watoto wamejaa. Ni mahali pa umma, unaingia na nguo zako za kazi. Naweza kwenda kuuliza Jumatatu.

---

Lenzi 35

Nina picha sita za Landhies Road ambazo sijui majina ya waliomo. Nitazileta nizitundike pembeni, bila maelezo, na kalamu imefungwa kwa uzi. Anayejijua ajiandikie, au anipige teke nizitoe.

---

Mtundika Fremu

Bila misumari tutafunga kamba ya manila kati ya nguzo, tubane kwa vibanio vya nguo. Kwa picha 40 za inchi 4 kwa 6, kwenye mistari miwili, mita nne zinatosha, lakini nitabeba kumi. Alasiri upepo wa pale ni mkali, kwa hiyo kila picha vibanio viwili, juu na chini, na kamba ya pili chini. Mstari wa chini uwe usawa wa macho ya mtoto.

Nitafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

---

Leso ya Gikomba

Vibanio nitaleta mimi. Ninavyo vya mbao, dazeni kumi.